Pete Ndani ya Shafti

Bujumbura, 14 Septemba 1997

Mpenzi Irène,

Sista Dorothée anasafiri Jumanne kwa ndege ya shirika lao, naye amekubali kunibebea barua hii pamoja na kifurushi. Usishtushwe na uzito wake. Ndani ya kitenge kuna kipande cha chuma cha ukubwa wa ngumi, na hicho ndicho kilichonifanya nikuandikie. Natumia Kiswahili, kama tulivyozoea tangu bwenini, kwa kuwa Kifaransa changu siku hizi ni cha ripoti tu, na hii sitaki ifanane na ripoti.

Unajua kwamba tangu nchi jirani zilipotuwekea vikwazo hakuna kipuri kinachoingia. Karakana yetu haiuzi tena vipuri, inavifufua. Shafti ya pampu ikilika, tunaiongezea chuma kwa kulehemu, tabaka juu ya tabaka, mpaka inenepe kupita kipimo chake, kisha tunaichonga irudi ilivyokuwa. Wewe huko unajenga vyuma kwa unga wa chuma na mwali wa leza. Mimi najenga kwa vijiti vya kulehemu na umeme unaokatika. Sidhani kwamba tofauti ni kubwa kama profesa wako angeweza kudhani, ingawa huenda najifariji.

Shafti hii ni ya pampu inayopandisha maji kwenye hospitali ya kilimani. Ilivunjika mwezi wa sita, tukaijenga upya. Imevunjika tena mwezi uliopita, na sasa wagonjwa wanategemea madumu yanayobebwa kichwani. Alhamisi watu wa usalama walikuja karakana kumchukua Népomuscène, fundi aliyeilehemu. Mkubwa wao, ambaye kila mtu anamwita Commandant tu, hakupandisha sauti.

"Mara ya kwanza ni bahati mubaya," alisema. "Mara ya pili kuko mukono ya mutu."

Népo alikuwa bado ameshika kinyago chake cha kulehemu. Aliniuliza, "Madame, nikiache ao niende nacho?"

Nimeagizwa nieleze kwa nini shafti ilivunjika. Nisipoweza, Népo atapelekwa gereza kuu kwa kosa la hujuma, na wanaoingia humo kwa kosa hilo wakati huu hatujawaona wakirudi. Kata kipande hicho, king'arishe, kitazame kwa darubini yako. Niambie ulichokiona, si unachodhani ningependa kukisikia.

Nafasi ya masomo ya Januari katika maabara yenu bado naitaka. Mkurugenzi wetu, Bwana Valéry, ndiye anayepaswa kutia saini ruhusa yangu ya kuondoka kazini. Kila nikimgusia hunijibu kwamba tumalize kwanza la pampu.

Wako,
Daphrose


Liège, 6 Oktoba 1997

Da Daphrose,

Sista alinipigia simu kutoka stesheni akisema ameleta "jiwe la Madame". Forodhani walikifungua kitenge chako mara tatu, akawaambia ni kipande cha kengele ya kanisa iliyopasuka. Mwanamke wa Mungu anadanganya vizuri kuliko sisi tuliosoma.

Haya, kazi. Nilikikata, nikakisugua mpaka nikajiona ndani yake, nikakipaka tindikali. Kwanza kuna vishimo, vidogo na vingi, kama vya mkate uliochachuka. Vijiti vyenu vimeingia unyevu. Vikausheni kwenye tanuri kabla ya kuvitumia. Hilo ni dogo. La pili ndilo lililonifanya nivute kiti. Katikati ya unene wa chuma mlichoongeza kuna mstari mweusi unaozunguka mviringo wote, pete kamili. Tabaka za chini yake zimeshikana. Za juu yake zimeshikana. Lakini pale kwenye pete, chini na juu hawajuani kabisa, na ufa umeanzia hapo.

Maana yake ni moja. Kazi iliachwa nusu, chuma kikapoa kabisa, kikavaa kutu nyembamba, kisha mtu akaendelea juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa kwetu fundi wa namna hiyo angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Najua unamhesabu huyo Népomuscène kama ndugu, lakini chuma hakina ndugu.

Kuhusu Bwana Valéry, usihangaike. Nimeona njia ya kukusaidia na utaiona mwenyewe. Wewe niletee karatasi zako kabla ya katikati ya Desemba. Chumba nimeshakupatia, dirisha linatazama mto, na jirani wa chini anajifunza tarumbeta bila dalili ya kufaulu. Utamzoea.

Irène


Bujumbura, 27 Oktoba 1997

Irène,

Ijumaa Bwana Valéry aliweka mezani kwangu faksi yenye nembo ya maabara yenu na jina lako chini yake. "Rafiki yako ametuokoa," alisema. Nimeisoma mpaka naikumbuka kwa moyo. Hakuna neno la uongo ndani yake. Inasema kazi iliachwa nusu na kuendelezwa bila uangalifu, na kwamba kosa ni la mkono. Commandant anayo nakala.

Ulitaka kuniondoa katika lawama ili nisafiri. Umefanikiwa. Aliyebaki ndani ni yule aliyekuwa ndani tayari. Siandiki kwa hasira, au nadhani si kwa hasira. Ulijibu swali nililokuuliza. Sikukueleza jinsi tunavyofanya kazi kwa sababu hapa hakuna asiyejua, na nilisahau kwamba wewe uliondoka kabla ya haya.

Mafundi wetu wengi wanakaa mtaa wa Musaga. Kizuizi cha askari kwenye barabara ya huko hufungwa mapema kuliko amri ya kutotoka nje yenyewe, kwa kadiri anavyojisikia aliye zamu. Mwezi wa nne Claude, mchongaji wetu, alibaki nyuma kumalizia kazi niliyokuwa nimeihimiza. Alikuta kizuizi kimefungwa, akashika njia ya bondeni. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nilitoa amri: saa tisa alasiri kila mtu anaweka chombo chini, hata kama amebakiza unene wa ukucha. Pete unayoiona kwenye darubini yako ni saa tisa.

Siku ile naikumbuka. Népo alikuwa amefika nusu ya shafti, au arbre kama anavyoiita.

"Madame, niachie kidogo tu. Arbre ingali na moto, nikiiacha itanuna."

"Kesho, Népo."

"Kesho itakuwa baridi kama pua ya mbwa. Na gaz ya kuichemsha iko wapi?"

"Gaz hakuna. Kesho utakuwa muzima, hiyo inatosha. Weka chini."

"Sawa, Mama. Mi nitakuwa muzima. Yeye ndiye sijui."

Tulicheka wote. Nilijua alichokuwa anakisema. Nilifundishwa darasani, nawe ulikaa kando yangu. Nilidhani chuma kingetusamehe. Hata kabla haijavunjika mara ya kwanza tulikuwa tumeijenga hivyo hivyo.

Hitimisho langu, basi, ni kwamba aliyeivunja shafti ni mimi. Lakini nalitilia shaka, hasa kwa sababu linanipendeza. Linamtoa Népo, na linaniachia mimi kosa lenye heshima, kosa la huruma. Itakuwaje kama vile vishimo peke yavyo vilitosha kuivunja? Ningehitaji vipande viwili, kimoja kilichokatizwa na kimoja kisichokatizwa. Hicho kisichokatizwa ndicho siwezi kukitengeneza. Siku haitoshi, na umeme nao una ratiba yake.

Bwana Valéry ana pendekezo. Niiunge mkono faksi yako kwa maandishi, naye atatia saini ruhusa yangu siku hiyo hiyo. Alilisema kwa upole wa kweli. "Madame Daphrose, hatuwezi kuwaokoa wote. Okoa diplome yako." Sijamjibu. Anadhani nafikiri.

Daphrose


(Imeletwa karakana na Médiatrice, mke wa Népomuscène, chini ya bakuli tupu la maharage)

Madame Daphrose,

Mi niko muzima. Mugongo inauma lakini hata ku kazi, ku atelier, ilikuwa inauma. Bananiuliza kila siku neno moja: nani alikutuma uvunje arbre? Nikabaambia, mutu wa kunituma nivunje angenitafuta mbali, mi nakaa Musaga, hata bia hainifikie. Moja alicheka. Mwingine apana.

Bamenisomea karatasi ya Ulaya, eti mukono yangu ndiyo mubaya. Nilijua ni saa tisa, sikuitaja. Lakini Madame, usiseme ni we. Bakikukamata na we, nani atabakia inje wa kutuulizia? Na ile amri ilikuwa muzuri. Mi nilifika kwangu kila siku. Batoto banakujua kwa jina juu ya ile amri.

Kitu ya kuchekesha: mulango ya hapa ni mi niliisoudé, niliilehemu zamani, mbele ya vita, balikuwa banakuja kunichukua na gari yao, camionnette, na kunirudisha. Niliifanya siku moja bila kuacha. Sasa niko na wakati, nimeiangalia soudure moja moja na kidole. Hakuna hata ufa. Nilifanya kazi muzuri sana, Madame, shida ni hiyo.

Utume sabuni na avoka.

Népomuscène


Liège, 20 Novemba 1997

Daphrose,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na sikukaa siku ile. Sitajitetea. Nilikuwa na haraka ya kukuona mlangoni kwangu.

Nimetengeneza vipande vyako viwili. Profesa anaamini ni jaribio langu mwenyewe, na kwa sasa ndivyo. Cha kwanza nilikijenga bila kusimama. Cha pili nilikiacha nusu ilipofika saa tisa, nikakiweka dirishani usiku kucha kwenye ukungu wa mto, asubuhi nikaendelea juu yake kama mwizi. Unga ulikuwa mmoja, umekaushwa vizuri, hivyo vishimo havina pa kuingilia katika kesi hii. Kisha nikavivunja. Cha kwanza kilipinda na kupinda kabla ya kukubali. Cha pili kilikatika kwenye pete, safi, kama biskuti.

Najua utaniuliza, kwa hiyo najijibu kabla: leza si kijiti chako, unga wangu si chuma chako, na siwezi kuapa kwamba vinaugua ugonjwa mmoja. Lakini nikikitazama kipande changu kando ya chako, siwezi kusema kipi ni cha nani.

Nimetuma faksi ya pili kwa Bwana Valéry, nikieleza yote haya. Hajajibu.

Sisi chini ya kipande tuna bamba linalopashwa moto, ili tabaka moja isipoe kabla ya nyingine kufika. Ninyi mna nini?

Nakuomba jambo moja. Ukisimama mbele ya huyo Commandant, sema ni couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje. Usiseme ni wewe. Amri ya nchi haiwezi kutiwa pingu. Profesa anasubiri karatasi zako hadi tarehe kumi na tano. Jirani ameanza wimbo mpya.

Irène


Liège, 29 Desemba 1997

Da Daphrose,

Sista anasema hakukukuta. Profesa ameuliza mara mbili. Nimemwambia posta ya huko inatembea kwa miguu. Niandikie hata mstari mmoja. Si lazima uwe wa kitaalamu.

Irène


Bujumbura, 25 Januari 1998

Mpenzi Irène,

Sista hakunikuta kwa sababu nilikuwa kilimani, kwenye pampu. Naomba radhi kwa kimya. Nilitaka kwanza nione kama nilichokuwa nakwenda kukuandikia kingeshika.

Faksi yako ya pili ilifika. Bwana Valéry aliikunja akaitia mfukoni, akaniambia kwamba karatasi za mbali husema hivi leo na vile kesho, na Commandant ameshachagua aliyoipenda. Sikuweza kumpinga. Nikaona kwamba hakuna kitakachomsadikisha mtu yule isipokuwa chuma kitakachovunjika mbele ya macho yake.

Uliuliza tuna nini. Tuna mbabula, jiko la makaa. Mama yangu alikuwa akiacha maharage usiku juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, na asubuhi sufuria ilikuwa haishikiki kwa mkono mtupu. Nimekula maharage hayo miaka yote ya shule bila kufikiri kwamba nilikuwa najifunza kitu. Tulikata pipa, tukaweka makaa chini, tukalaza ndani yake nondo iliyolehemiwa nusu, tukaizika kwa majivu. Saa tisa sote tukaondoka. Asubuhi nilipoifukua na kuitemea mate, yaliruka. Nikaendelea na tabaka zilizobaki. Nondo ya pili tuliiacha mezani ipoe, kama tulivyozoea. Zote mbili nilizilehemu mwenyewe, tena vibaya, ili ubora wa mkono usiwe hoja.

Commandant alikuja na askari wawili. Bwana Valéry alikuwapo. Niliziweka kwenye mashine ya kukandamiza, moja baada ya nyingine. Ya mezani ilikatika kwa mlio uliomfanya askari mmoja ashike bunduki. Ya majivu ilijikunja kama mgonjwa anayegeuka kitandani, lakini haikukatika. Commandant aliokota kipande kilichovunjika akapitisha kidole kwenye pete, taratibu.

"Kwa hiyo, Madame, couvre-feu ndiyo ilivunja pompe?"

Jibu lako lilikuwa mdomoni mwangu. Bwana Valéry alikuwa anatazama viatu vyake. Nilifikiri, kwa kadiri mtu anavyoweza kufikiri wakati ule, kwamba Commandant angeweza kusikia chuma kikishtakiwa, au mimi nikishtakiwa, lakini si amri anayoitumikia; angelifunga jambo lile na kuondoka, na Népo angebaki alipo. Labda nilikosea. Labda ulikuwa unasema kweli, nami nilitaka tu kulisema lililo langu.

"Apana, mon Commandant. Couvre-feu inaanza usiku. Saa tisa ni ya kwangu."

"Na kwa nini saa tisa?"

"Kwa sababu nilizika mutu."

Hakuuliza ni nani. Alikigeuza geuza kile kipande. "Na hii ya majivu, itashika?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Sijaijaribu kwa arbre nzima. Nadhani itashika."

Akacheka kidogo kwa pua. "Hapa kila mutu ananiapia, banaapa hata kwa bamama zao. We ndiye wa kwanza kuniambia anadhani." Kisha akamwambia Bwana Valéry, "Mumupe fundi wake."

Walimwachia Népo wiki hiyo hiyo, kwa sharti. Mimi ndiye mdhamini wake. Shafti ikizunguka, yuko nje. Ikivunjika anarudi, na mimi pamoja naye. Muda wote inapozunguka siruhusiwi kutoka mjini. Pasipoti yangu iko katika droo ya Commandant. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayekabidhiwa mtoto. Na tarehe kumi na tano Desemba, bila kuombwa, Bwana Valéry alitia saini ruhusa yangu ya kuondoka kazini. Nadhani aliona aibu. Ninayo, ina muhuri wa buluu, ni nzuri sana.

Népo amekonda, lakini mikono yake haijasahau. Tulikausha vijiti kwenye tanuri la mwoka mikate wa mtaa wa Nyakabiga, baada ya mikate yake kutoka. Mwoka mikate alitaka kujua kama vinaliwa na chai. Shafti ilijengwa kwa siku tatu, na ikifika saa tisa ni Népo sasa anayekuja kunitoa mezani. "Madame, saa imefika. Tumufunike mutoto." Tunaizika katika majivu, tunafunga karakana, tunakwenda nyumbani. Inazunguka tangu kabla ya Noeli. Hospitali ina maji, na Médiatrice hana tena pa kupeleka bakuli.

Sikuulizi kama profesa amempa mwingine nafasi yangu. Ningeshangaa kama hakumpa. Chumba kipe mtu anayependa tarumbeta.

Kila asubuhi kabla ya kazi napanda kilimani, naweka kiganja juu ya pampu. Haitetemeki. Mlinzi amenizoea, anadhani ni namna ya sala. Juzi nilijikuta nimesimama pale muda mrefu, nikisikiliza kwa makini kuliko kazi inavyohitaji, na nilipoondoa mkono sikuwa na hakika ni sauti gani niliyokuwa naingojea.

Kwa hiyo nina swali moja la kitaalamu, na wewe ndiye peke yako ninayeweza kumuuliza. Chuma kisicho na pete, kilichojengwa bila kupoa, kikizungushwa mchana na usiku kwa mzigo wa kawaida, kinadumu miaka mingapi?

Nijibu kwa mkono wa Sista Dorothée. Faksi hupitia kwa Bwana Valéry, na jibu hili ningependa kulisoma nikiwa peke yangu.

Wako,
Daphrose